Sakafu Iliyotusikia

Siku mliyoniaga nikistaafu pale biro, ofisi yetu ya afya, mlinipa kiti cha mbele, soda ya baridi, na kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma kama nguruwe. Mkaniomba niwaachie vijana neno moja la kazi. Nikasema, "Vaeni soksi nyeupe." Mlicheka, mkapiga makofi, mkadhani ni utani wa mama aliyechoka. Haukuwa utani. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Bunia niwaeleze neno lile lilitoka wapi. Vyeo sitavitaja, maana mara nyingi vilinipita vikienda kwa wengine. Mshahara nao mnaujua wenyewe.

Nitaandika Kiswahili nilichofundishwa na masista. Lakini watu nitakaowataja nitawaacha waongee kama siye huku tunavyoongea, kwa sababu nikiwanyoosha maneno watakuwa si wao tena. Majina ya makabila sitayaandika. Mtu wa Bunia atajua bila kuambiwa, na wa mbali hayatamsaidia kitu.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na blauzi nyeupe ya kazi niliyoipiga pasi mara mbili. Nilikuwa nimetoka shule ya labo, ya kazi za maabara, nikitarajia kukalishwa mbele ya mikroskopu. Aliyenipokea alikuwa Muzee Athanase, mtegaji wa panya, mwanaume mrefu mwembamba aliyeongea kwa sauti ya chini siku zote, kama mtu ambaye chumba cha pili kuna mgonjwa amelala. Alianza kazi hiyo ujanani, enzi za Wabelgiji, akiwabebea mitego. Alinipa beseni jeupe, kitana cha meno membamba kama kile cha kutolea chawa, na panya aliyelazwa kwa etha, dawa ya usingizi.

"Muchane, Mademoiselle," akasema. "Polepole. Kama vile mutoto anaenda misa."

Nilimchana yule panya. Vitu vidogo vyeusi, kama mbegu za mchicha, vikaanguka ndani ya beseni. Kimoja kikaruka, kikanipita sikioni. Muzee akaniambia kwamba kiroboto haruki kwa nguvu ya misuli peke yake. Ana kitu mwilini kama mpira wa manati: anaukaza, kisha anauachia. Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye nikalisoma jambo hilohilo kitabuni, nikacheka peke yangu.

Ndivyo alivyonifundisha, kipande kwa kipande, mikono ikiwa kazini. Kwamba tauni, ambayo siye tunaiita peste, ndiyo ileile iliyomaliza miji ya Ulaya karne nyingi zilizopita, mpaka wakakosa wa kuzika wafu. Kule ilikwisha. Kwetu, juu ya milima ya Djugu, iko bado, imetulia ndani ya panya kama kaa chini ya majivu. Kwamba watu walikufa nayo mamia ya miaka bila kujua inatoka wapi, na yule wa kwanza aliyesema inaletwa na kiroboto wa panya, wataalamu wenzake walimcheka.

Kiroboto mwenye peste hafaidi chochote. Vijidudu vinamziba koo. Anafyonza damu, damu haishuki, anaitapika ndani ya jeraha, anabaki na njaa, anauma tena. Anauma na kuuma mpaka anakufa njaa juu ya chakula. "Ni njaa ndiyo inaua batu," Muzee alisema. "Haiko hasira."

Na panya akifa, mwili ukipoa, viroboto wanamhama. Wazee wa milimani walikuwa na sheria yao kabla ya labo yoyote kujengwa: ukiona panya wanaanguka kutoka paani na kufa mchana mbele ya watu, usimguse hata mmoja. Chukua watoto, toka kwenye nyumba hiyo.

Lakini lililoninyima usingizi mwezi wa kwanza lilikuwa jambo jingine. Kiroboto mchanga hujifungia ndani ya kifuko kidogo kilichogandana na vumbi la sakafu. Nyumba ikihamwa, hatoki. Anangoja humo wiki nyingi, pengine miezi. Anangoja mtikisiko wa hatua, joto la mwili, pumzi. Siku mtu anapoingia, wanaamka wote kwa pamoja. Na wale wakubwa waliomhama panya aliyekufa wako humohumo, kwenye nyufa, na njaa yao.

"Bachanga banazaliwa bila peste," Muzee alinieleza. "Bakubwa ndio biko nayo. Lakini mu giza huwezi kubaomba carte d'identité."

Wakati huo tulicheka. Baadaye neno hilo la karte, la kudaiwa kitambulisho, halikuchekesha tena mtu yeyote huku kwetu.

Vita vilipofika Bunia, biro yetu iliporwa kama nyingine. Walichukua friji, milango, na mikroskopu, wakidhani ni chombo cha kupimia dhahabu. Nilimwona kijana mmoja sokoni anaichungulia kwa upande usio wake. Kitana walikiacha. Watu wa vijiji walimiminika mjini, wakafunga mahema ya plastiki karibu na uwanja wa ndege, na siye tuliobaki tukawa tunapita hema kwa hema na mifuko ya pudra, ile dawa ya unga ya kuua viroboto. Watu wa mahema waliniita Mama Panya. Jina langu ni Georgette, lakini niliitikia yote mawili.

Asubuhi moja mama mmoja alifika hospitali akiwa amembeba mgongoni dada yake, mwanamke mtu mzima. Alikuwa amemtoa mbali, akipumzika na kubeba tena. Daktari wetu akatuita mimi na Muzee. Mgonjwa alikuwa anawaka homa, na chini ya kwapa kulikuwa na mtoki mkubwa kama yai la kuku. Ilikuwa peste. Daktari akampiga sindano ya kwanza.

"Ni sumu," yule aliyembeba alituambia. "Bale ba ng'ambo ya muto balitutilia sumu mu mai. Kwetu batu banakufa nyumba na nyumba. Benye bazima bamekimbia bote. Sasa vijana banasema bataenda kulipa."

"Mama," nikamuuliza, "panya walikufa kwenu?"

Alinitazama kwa mshangao. "Bilikufa kwanza, mbele ya batu. Si bilikunywa ile mai?"

Nilimwangalia Muzee, naye aliniangalia. Tangu niingie kazini, panya waliokufa ndio waliokuwa ushahidi wetu mkubwa. Sasa walikuwa ushahidi wa watu wengine, wenye bunduki.

Kijiji chao kilikuwa juu ya Iga Barrière, na cha hao walioshtakiwa kilikuwa ng'ambo ya kijito, mbele yake. Daktari alituambia wazi kwamba hana gari, hana askari, na hana moyo wa kututuma. Muzee akamjibu kwamba hajaomba kutumwa. Tukachukua mfuko wa pudra, vidonge vya kinga vilivyokuwepo, beseni na kitana, tukapanda lori la mfanyabiashara wa maharagwe hadi Iga Barrière.

Pale njia panda kulikuwa na mti umelazwa barabarani, na vijana wenye silaha. Walimwaga mfuko wetu chini.

"Hii nini?"

"Kitana," nikasema.

"Ya kazi gani?"

"Ya kuchana panya."

Wakaangua kicheko. "Mama iko anachana panya mu hii vita! Anamupaka na mafuta?" Mmoja tu hakucheka. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini hivi, amevaa buti za mpira za wachimba dhahabu na kofia ya sufu. Wenzake walimwita Komanda. Alikiokota kitana, akakipangusa vumbi kwa dole gumba, akanirudishia.

"Muko batu ba hospitali?"

"Ndiyo."

"Mama yangu alikufa kule juu. Na kaka yangu mukubwa, na muke yake." Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Mutaenda na siye. Mutaona ile sumu na macho yenu, mutakuwa bashahidi. Kisha tutavuka muto."

Hatukuuliza watavuka kufanya nini.

"Na kama haiko sumu, mutoto yangu?" Muzee akamuuliza.

"Iko sumu, Muzee."

Tulipanda mlima pamoja nao. Ukungu ulikuwa bado umekaa mabondeni, na tulipotokea kijijini ulikuwa unanyanyuka kati ya nyumba. Hapakuwa na jogoo, wala mbwa, wala mlio wa mtwangio. Hata wale vijana waliokuwa wakiimba njiani walishusha sauti, kisha wakanyamaza. Milango mingi ilikuwa wazi. Kwenye kamba moja nguo zilikuwa zimeanikwa, zikanyeshewa, zikakauka, zikanyeshewa tena, mpaka zikawa ngumu kama ngozi. Juu ya mafiga kulikuwa na sufuria ya bugali uliopasuka kama tope la kiangazi. Na kila mahali, kwenye vizingiti, chini ya kuta, katikati ya kiwanja, panya waliokauka, wepesi kama majani ya mgomba. Upepo ukipita waliteleza kidogo, kisha wakatulia.

Muzee alinyoosha mkono, kila mtu akasimama. "Musiingie mu nyumba yoyote."

Mimi na yeye tulijipaka pudra miguuni. Nilikuwa nimevaa suruali ya marehemu mume wangu chini ya sketi, nikavuta soksi nyeupe juu yake mpaka magotini. Soksi nyeupe ndiyo chombo chetu: kiroboto akipanda unamwona mara moja. Muzee akamletea Komanda mfuko.

"Upake na weye."

"Miye siwezi kupaka dawa kwa kuingia mu nyumba ya mama yangu."

Niliingia wa kwanza, yeye nyuma yangu. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya moshi wa zamani. Mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri pembeni, rozari imening'inia ukutani, kapu la maharagwe halijaguswa. Niliangalia soksi zangu. Zilikuwa nyeupe. Tukasimama. Nilisikia pumzi ya Komanda mgongoni kwangu.

"Unaona?" akasema. "Hamuna kitu. Ni nyumba tu."

Muzee alikuwa mlangoni. "Georgette," akaniambia kwa ile sauti yake ya chumba cha mgonjwa, "kanyaga."

Nilikanyaga kwa nguvu, mara moja na tena, nikainama na kupumua kuelekea chini kama alivyonifundisha. Kwa kitambo kidogo hapakutokea kitu. Kisha nikasikia. Ulikuwa mlio mdogo sana, kama manyunyu ya kwanza juu ya majani makavu, ila ulitoka chini. Vumbi la sakafu lilianza kucheza. Lilicheza karibu na miguu yetu kwanza, kisha katikati ya chumba, kisha mpaka kule kwenye mkeka. Soksi zangu ziligeuka za kijivu, zikageuka nyeusi, na ule weusi ulikuwa unapanda.

Sikukimbia, kwa sababu Komanda alikuwa amesimama kati yangu na mlango na hakusogea. Alikuwa akiangalia suruali yake. Hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Bilikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Mbona sikubiona?"

"Bilikuwa binangoja."

"Binangoja nani?"

Muzee ndiye aliyejibu. "Yoyote mwenye angekuja kulia."

Nje, kwenye jua, tulijipangusa kwa vitambaa vilivyolowa, tukavikamulia ndani ya beseni la maji. Vijana walichungulia, wakarudi nyuma. Muzee alipasua nyasi za paa kwa fimbo, akawaonyesha kiota cha panya na panya wawili waliokufa wamekumbatiana. Akaeleza habari ya koo lililoziba, na njaa, na mwili unaopoa. Hakuinua sauti. Komanda alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nani aliua mama yangu?"

"Nitakupatia habari moja," Muzee akasema. "Zamani kwa Bazungu, hii peste iliwaua mpaka wakawa wazimu. Bakasema: ni sumu, mutu ametia sumu mu visima. Nani? Bakatazama jirani zao Wayahudi. Bakabachoma moto, wanaume, bamama, batoto, miji mizima."

"Peste ikaisha?"

"Haikuisha. Bale benye balichoma balikufa nyuma ya bale benye balichomwa. Bote balikufa na hii." Akatikisa beseni.

Komanda aliyatazama yale maji. "Muzee," akasema, "nilikuwa na mutu wa kulipa. Sasa unanipatia mududu."

Kijana mmoja alisogea mbele. "Komanda, huyu muzee iko anatetea bale. Tuvuke." Wengine wakaitikia. Nikaona mikono inashika vizuri bunduki.

"Tutavuka," Komanda akasema. "Miye nataka kuona kama kule panya biko bizima."

Tuliteremka kwenye kijito. Muzee alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote. Mimi ni Mkristo, na nilikuwa nikiomba kitu ambacho mtu hapaswi kuomba. Niliomba tuwakute panya wamekufa ng'ambo pia. Kama tungekuta jogoo anawika na mama anatwanga, wale watu wasingeona jua la kesho.

Hatukusikia jogoo. Tulipotokea juu, kwa kitambo nilidhani tumezunguka tukarudi kulekule. Milango ilikuwa wazi vilevile. Vizingiti vilikuwa na panya wakavu vilevile. Kwenye kamba kulikuwa na nguo, ngumu, zimeliwa na jua.  Yule kijana aliyetaka tuvuke alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, akijikuna na kutazama chini.

Ndipo mtu akakohoa.

Sauti ilitoka kwenye kibanda cha kupikia. Ndani, juu ya rundo la majivu, alikaa mzee mmoja mwenye kitambaa tu kiunoni, mweupe kwa majivu kutoka nywele mpaka nyayo, hata nikadhani ni mzimu. Viroboto hawapendi majivu; sijui kama alilijua hilo au alikuwa anatafuta joto tu. Kwenye paja lake, karibu na kinena, kulikuwa na kovu la mtoki uliopasuka. Alikuwa ameugua akapona bila dawa, na jamaa zake walikimbia wakimdhani maiti. Aliishi kwa viazi vibichi. Baadaye tulijua anaitwa Baba Zakaria.

Alizitazama bunduki bila kushtuka.

"Mumerudi?" akasema. "Sumu yenu imeshamaliza batu. Nimebaki miye tu. Munataka nini tena?"

Komanda alisogea mpaka karibu naye. "Sumu ya nani?"

"Yenu bale ba ng'ambo. Nani mwingine?"

Komanda alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelala pale. Alivua kofia yake ya sufu, akaishika kwa mikono miwili kama mtu kanisani.  Kisha akawaambia, bila kugeuka:

"Mubebe huyu baba. Turudi."

Walitii. Ningependa kuwaambia ni huruma, au ni maneno ya Muzee. Lakini niliwaona walivyokuwa wakinyanyua miguu yao juu juu wakipita karibu na milango ile, na nadhani hofu ndiyo iliyotusaidia zaidi. Walimtengenezea mzee machela ya miti, wakambeba hadi Iga Barrière. Pale tuliwapaka pudra wote na kuwagawia vidonge vya kinga. Komanda alipokea vyake, akavitia mfukoni, akasema atavimeza akishakula.

Baada ya siku chache, mchana, vijana wawili waliingia hospitali wakisukuma baiskeli. Komanda alikuwa amefungwa juu ya baiskeli kwa kitenge. Mtoki ulikuwa kwenye kinena, naye aliuficha kwa aibu, akihofia watu wake watasema amelogwa na kwamba mkuu aliyelogwa hafai kufuatwa. Vidonge vilikuwa bado mfukoni, ndani ya karatasi yao.

Tulimlaza kwenye hema la nyuma, mbali na wengine. Kwenye kitanda cha pili humo alikuwepo Baba Zakaria, anapata nguvu. Hatukuwa na hema jingine. Nilipomwekea Komanda maji, aliniita. "Mama Panya. Usiniite tena Komanda. Batu ba nyumbani baliniita Pascal." Daktari alimpiga sindano zote alizokuwa nazo. Dawa hiyo inaponya, vijana wangu, inaponya kwa ajabu, lakini lazima ifike mapema.

Alifariki kabla ya chakula cha mchana siku iliyofuata. Muzee alimfumba macho. Kisha akanyunyiza pudra kuzunguka kitanda na juu ya shuka, polepole, kwa sababu mwili ulikuwa umeanza kupoa. Baba Zakaria alikuwa ameinuka kwa kiwiko, akitufuata kwa macho.

"Ule kijana," akaniuliza, "nani alimutilia sumu?"

"Haiko sumu, Baba. Ni kiroboto. Alimuuma mu nyumba ya mama yake."

"Na mama yake?"

"Kiroboto."

"Na bale ba kwetu?" Akataja mke wake. Akataja wanawe, mmoja mmoja, akisimama baada ya kila jina mpaka nijibu. Nilijibu neno lilelile kila mara. Muzee alikuwa amemaliza na pudra, akabaki amesimama na mfuko mtupu.

Baba Zakaria alilala chali. Nje kulikuwa na helikopta inashuka uwanjani, hema likatikisika, kisha likatulia.

"Basi yule mama wa chumvi," akasema.

Nikamuuliza ni mama gani.

"Kulikuwa na mama mumoja wa kwao, alikuwa anavuka kutuuzia chumvi. Panya bilipoanza kufa, na batoto nyuma yabo, siye tulisema ni chumvi yake. Alikuja siku ya soko kama kawaida. Anatusalimia. Tulimushika, tukamupiga. Hakujua kitu. Mpaka mwisho alidhani tunacheza naye."

  Muzee Athanase alivuta kiti, akakaa karibu naye. Walikaa hivyo mpaka jioni.

Vita vilipopoa milimani, watu walianza kurudi, na siye tukawatangulia. Tulipaka pudra nyumba moja moja, kijiji cha huku na kijiji cha huko, tukikanyaga kila sakafu. Muzee alikuwa amezeeka sana, lakini alikuja, akikaa kwenye kivuli na kutuelekeza kwa fimbo. Baba Zakaria alikuwa amesharudi kwake. Tulipomaliza upande wake alikuja kuniuliza kama anaweza kuvuka na siye. Nilimwambia si lazima. Akasema anajua.

Watu wa yule mama wa chumvi walikuwa wakiezeka nyumba upya. Mume wake alikuwa pale, mwanaume mfupi mwenye mabega mapana, na jembe mkononi. Baba Zakaria hakukaribishwa kukaa wala hakuomba. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi: chumvi, siku ya soko, nani alishika na nani alipiga, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo na hakuzuia. Watu walishuka kutoka juu ya paa, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeshika beseni langu, nikitazama lile jembe.

"Sikujua hata jina lake," Baba Zakaria akamaliza. "Siye tulimuita Mama Chumvi."

 Yule mume akaliegemeza jembe ukutani. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakiweka mbele ya mzee, akangoja mpaka mzee akakikalia.

"Aliitwa Imelda," akamwambia. "Ukirudi kwenu, ubaambie bote. Imelda."